Filta ya Kelele

Fundi Usi alikuwa ameweka filta mbili za hewa juu ya boneti, na kila akizungumza kidole chake kilirudi kwenye ile ile moja.

"Hii iko wazi," alisema. "Injini inavuta pumzi bila ya kizuizi. Ukikanyaga mafuta pale bandarini, mtaa mzima wa Malindi unajua kama Mansour anakuja."

"Na ile nyengine?"

"Ile imo ndani ya kasha. Inaingiza hewa baridi, gari inakuwa nyepesi, lakini haina sauti. Sasa ya nini? Mtu una gari ya spoti kisha uende kimya kimya kama mwizi?"

Mansour alimtazama. Alikuwa akimwamkia fundi huyu tangu utotoni, na miaka yote hiyo hakupata kumsikia akisifu kelele. Kazi yake ilikuwa kuwalaani vijana wa pikipiki. Tena ndevu zake, zilizokuwa nyeupe Ramadhani iliyopita, sasa zilikuwa na hina, na chini ya harufu ya petroli palitoka harufu ya udi. Gereji na udi wapi na wapi?

Kilichomchoma zaidi ni kwamba maneno hayo alikwisha kuyasikia asubuhi, nyumbani kwake. "Tia ile ya kelele," Ilham, mkewe, alimwambia. "Nikusikie unakuja, nikutengezee chai." Ilham huyo huyo ambaye mtoto akipuliza firimbi uchochoroni yeye hufunga madirisha!

Mansour alikuwa mtu wa wivu na hakuona haya kuutangaza. Nyumba yao ilikuwa ghorofani, nyuma ya bandari, na ngazi zile hakuzipanda mwanamume asiyemtaka yeye. Hata mshenga aliyekuja kumposa mama yake Mansour, mjane wa watu aliyeishi nao, alimteremsha kabla hajakaa. "Nyumba hii ina mwanamume mmoja," alimwambia. Sasa aliogopa kwamba ina wawili.

Wasiwasi ulimwingia siku aliyowahi kurudi kutoka Uroa, kwenye hoteli anakofanya kazi. Alikuta vikombe viwili vya kahawa, bado vina moto. Na Ilham hanywi kahawa. Humwendesha moyo mbio.

"Nani kaja?" alimuuliza mama yake, Bi Mwanakheri.

Mama aliinamia tasbihi. "Mimi mwanangu nlikuwa nnasali."

Ilham naye alikuwa akiifuta meza isiyokuwa na uchafu. Kikulacho ki nguoni mwako, Mansour alijiambia, na usingizi ukamruka. Ni baada ya siku hiyo ndipo mkewe alipoanza kupenda mambo ya magari.

"Basi?" Usi aliuliza, bisibisi iko tayari mkononi. "Nifunge hii ya kelele?"

"Nipe zote mbili. Ntafikiria."

"Ufikirie nini tena?" Fundi alijaribu kucheka, kicheko hakikuja. "Hii ndiyo itakayokufaa."

Itanifaa mimi au itakufaa wewe? Mansour aliyameza maneno hayo, akatia filta nyuma ya gari, akaondoka.

Jioni alimwambia mkewe kwamba kesho gari litanguruma. "Alhamdulillahi," alisema Ilham, akashusha pumzi kama aliyeambiwa mgonjwa wake kapona. Basi ndivyo walivyopanga, Mansour alifikiri. Mmoja anafunga kengele, mwengine anasikiliza.

Kesho yake, huko huko Uroa, alimtafuta fundi asiyemjua, akafungisha ile ya kasha. Alipomaliza kusali adhuhuri aliomba ruhusa kazini, akashika njia ya mjini.

Gari lilikwenda laini, kimya, hata likampendeza, na kule kupendezwa kulimtia uchungu. Siku nyingine angemchukua Ilham wakatembee. Alimpenda mke yule, alimpenda sana, na alikuwa anakwenda kumwacha. Talaka alikuwa ameshaipanga mdomoni, neno kwa neno, asije akasita.

Aliegesha bandarini, akaingia uchochoroni. Kwa desturi hata mwenye nyumba hupiga hodi chini ya ngazi, ili wanawake walioko juu wajistiri. Leo hakupiga. Alivua viatu akavishika mkononi, akapanda.

Kwenye kona ya ngazi alisimama. Juu, mbele ya mlango uliofungwa, yalikuwapo makubadhi ya kiume, yamepangwa kwa adabu, na ukanda wa moja ulikuwa na doa jeusi la oili. Usi! Mtu mzima aliyempa shikamoo zake zote!

Pembeni ya makubadhi, kwenye kidato cha juu, alikaa Ilham, ungo wa mchele mapajani. Alipoinua macho, rangi ilimtoka.

"Mansour! Mbona gari sikuisikia?"

"Hukuisikia, eh?" Alipanda kidato kimoja. "Basi nisikie mimi. Ilham, nime..."

Ilham aliruka, mchele ukamwagika ngazi nzima, akamziba mdomo kwa kiganja. "Usilitamke hilo neno! Wallahi utalijutia!"

Mlango ulifunguliwa kwa ndani. Bi Mwanakheri alisimama kizingitini, kichwa wazi, hana ushungi, kikuba cha asumini kikinukia kifuani. Nyuma yake, juu ya mkeka, fundi Usi alikuwa amevaa kanzu nyeupe, kikombe cha kahawa kimemgandia mkononi.

"Mjomba'ako katuozesha," alisema mama. "Mwamkie baba'ako."