Nyumba Isiyo na Mtu

Alasiri hiyo Salha alimaliza chati ya maji ya mji mzima, chai yake ikiwa imepoa zamani. Wiki tatu alikuwa amezama kwenye majedwali ya idara ya maji, akiyageuza kuwa ukurasa wa kuguswa: ukigusa mtaa, nyumba zinajipanga kama vijiti, ukigusa kijiti, kinakwambia nyumba ile imetumia uniti ngapi mwezi huo.

Akagusa mtaa wake. Kwa Bi Mashavu, jirani mwenye wajukuu tele, kijiti kilikuwa kirefu. Kwa fundi cherehani kilikuwa cha wastani. Kati yao, mahali pa nyumba yake, palikuwa peupe.

Akampigia Kitwana, msimamizi wa kazi idarani.

"Kuna nyumba imepotea kwenye chati."

"Ina uniti ngapi?"

Akaangalia jedwali. "Haifiki moja."

"Basi haijapotea, dada. Si tulikubaliana kwamba chini ya uniti moja hiyo ni nyumba isiyo na mtu, tunaiondoa? Kanuni umeiandika mwenyewe."

"Huenda kuna mtu."

"Una hakika?"

Salha akatazama karo la jikoni. Mlikuwa na sahani moja na kijiko kimoja.

"Ngoja nikaangalie," akasema, akakata simu.

Akatoka uani, akafungua bomba mpaka mwisho, maji yakamwagika mchangani. Kisha akachuchumaa mbele ya mita, akafuta vumbi la kioo kwa ncha ya kanga, akaitazama sindano nyekundu ikianza kuzunguka.