Sauti ya Mama Chausiku

Kila jiko la nchi hii lina sikio la serikali ukutani, na kila tunachosema huhifadhiwa kwa ajili ya usalama wa taifa. Mke wangu, Mama Chausiku, alifariki mwaka jana. Mimi sina hata neno lake moja la kusikiliza. Wao wanayo ya miaka ishirini.

Niliomba mara tatu. "Sauti ni mali ya serikali, mzee," wakanijibu. Ila sheria yao hiyo hiyo inasema mshtakiwa lazima asikilizishwe ushahidi. Basi asubuhi moja nikasimama chini ya sikio nikapaza sauti: "Ile Jumapili ya maandazi, mimi na mke wangu tulimtukana waziri!"

Chai yangu haijapoa, wamefika.

Kwenye chumba cha mahojiano, afande alibonyeza kitufe. Nikasikia mafuta yakichemka, kisha mke wangu mwenyewe: "Baba Chausiku, acha kudokoa! Mkono mwepesi kama wa mwizi wa kuku!" Akacheka kile kicheko chake kinachoishia kwenye kikohozi.

Nikashika meza.

Afande alisikiliza mpaka mwisho, akakunja uso. "Tusi liko wapi?"

"Labda ilikuwa Jumapili nyingine, mwanangu. Uzee huu."

"Mzee, kudanganya usalama ni mwaka mmoja jela. Kila Jumapili utakayotaja, naongeza mwaka."

"Basi andika Jumapili iliyofuata," nikamwambia. "Siku hiyo aliimba."