Asiyesikika Nyumbani

Siku hizi mtu ambaye chipu yake ya shingoni haisikiki hewani hahesabiwi. Mlango haumfungukii, jiko halimwakii, zahanati haimpi dawa. Chipu ya dada yangu Sikudhani ilinyamaza wiki iliyopita, na kesho anatakiwa kuchomwa sindano ya sukari. Mimi nilipita kumsalimu tu, maana miguu yangu haijui kutulia.

Nikachomeka kwenye kompyuta yangu adapta kuukuu ya waifai, niiweke katika hali ya kusikiliza, isikie kila kinachorusha mawimbi bila kujiunga na chochote. Ikagoma. Kila nikiiweka, mtandao wa nyumba unaivuta irudi kwake. Nikaizima programu iliyokuwa ikiivuta, ndipo ikatulia.

Kwenye skrini wakatokea majirani, birika, hata mbuzi wa jirani. Sikudhani, aliyekaa mbele yangu akimenya muhogo, hakuwemo.

"Adapta yenyewe imekufa hii," nikamdanganya.

"Mbuzi imemsikia, kaka. Haya, jitafute wewe."

Jina langu likatokea palepale.

Akacheka kidogo. "Mzururaji unasikika. Mimi niliyezaliwa humu ndani, sisikiki."

Akabandika muhogo. Nikachukua mkoba wangu, nikasema naenda mjini kutafuta fundi. Nilipofika uani nikasikia jiko likizimika, maana nyumba haikusikia mtu ndani.

"Rudi, kaka," akaniita taratibu. "Muhogo haujaiva."

Nikarudi, jiko likawaka. Mkoba sikuutua.