Waya Mweupe

Mume wa Rukaya, aliyekuwa safarini, alikataza kabati la mitambo ya intaneti lisiguswe. Lakini panya walishaanza kutafuna nyaya zilizosokotana mle ndani, kwa hiyo Rukaya akamwita mdogo wake, Hatibu, azipange. Hatibu alikuwa akivuta kila waya taratibu, na Rukaya akizunguka vyumbani kuangalia ncha ipi inatikisika.

"Na huu?"

"Wa televisheni!"

Ukabaki mmoja, mweupe. "Dada, huu unaishia wapi?"

Chumbani, juu ya kitanda, saa ya ukutani ikatikisika. Mumewe alimletea zawadi ile saa, akaitundika kwa mikono yake. Rukaya akapanda kitandani, akaiinua kidogo. Waya ulitoka ukutani ukaingia mgongoni mwa saa, na chini ya mishale kijicho cha kioo kilikuwa kinamtazama.

"Dada! Umeuona?"

Kabla hajajibu, simu yake ikaita.

"Mke wangu," mumewe alisema kwa upole, "irudishe hiyo saa ilivyokuwa."

Rukaya akavuta mtandio, akajifunika kichwa chumbani mwake mwenyewe, kama aliyeingiliwa na mwanamume asiyemjua.