Koti Kwenye Msumari

Wazee wa ukoo waliokuja Nakuru kwa gari la moshi walikuwa uani wakingoja. Ndani, shemeji yake Eucabeth alikuwa ametundika koti lake kwenye msumari wa marehemu ndugu yake. Kwa mila yao, koti likilala hapo usiku huo, basi mjane amerithiwa.

Eucabeth aliomba kimoyomoyo, akalitungua. Lilikuwa zito, lanuka moshi wa makaa. Alilikunja vizuri, akampa mwenyewe kwa mikono miwili.

"Shemeji, mimi nimeokoka. Nilikuwa mke wa ndugu yako. Wako siwezi kuwa. Niache niwe mimi."

Shemeji alilikumbatia koti, akautazama mlango. Mabega yake yakashuka.

"Bwana asifiwe," alinong'ona. "Wiki nzima nimeomba ukatae. Mimi niliwaogopa wale wazee."

Eucabeth akajikuta anacheka. Akamsogezea kiti.

"Kunywa chai kwanza, halafu tutoke pamoja."