Kichwa Kilichosukwa Nusu

Godelieve alikuwa amesuka upande mmoja tu wa kichwa cha mdogo wake alipoambiwa kwamba nywele zile zilikuwa za kwenda kumpokea rais mteule wa nchi yao, aliyekuwa akija ziarani huku ugenini. Akaliweka chanuo mezani.

"Ule muntu hata hayaapishwa, anasema atafunga magazeti yote yenye kumusema mubaya. Na weye utaenda kumupigia makofi?"

"Yaya," mdogo mtu akamwita dada yake, "bwana yangu njo anataka. Anatafuta kazi ku ambassade, kule kwa balozi wetu."

"Bon, sawa. Utaenda hivi hivi."

Wanawake wote wa saluni ile, ndani ya maduka ya Galerie d'Ixelles, wakageuka. Kila mtu pale alijua kwamba mwanamke wa Lubumbashi hatoki nje na kichwa cha nusu, hata nyumba ikiwaka moto.

Mdogo mtu akajitazama kiooni: huku mistari myembamba iliyonyooka, huku nywele zimesimama timtim. Akaufunika upande ule kwa kiganja.

Godelieve akamtazama. Huyu mdogo wake alimlea yeye mwenyewe, kwa kumbeba mgongoni. Akalichukua tena chanuo, akampaka mafuta utosini taratibu, kama zamani.

"Weye nakupenda," akasema. "Ule hapana."

Simu ikalia. Alikuwa mume wa mdogo mtu, akisema kwamba basi la kuwapeleka wapiga makofi lilikuwa linangoja kituoni Porte de Namur.

"Chéri, nywele bado," akasema mdogo mtu. "Yaya hayamaliza."

Akaizima simu. Akavua hereni za dhahabu alizozivaa kwa ajili ya sherehe, akazitia kiganjani mwa dada yake, kisha akainamisha kichwa.

"Yaya," akasema, "suka polepole."