Makaa ya Posa

Kingori alipiga magoti mbele ya jiko, akanusa. Hakuna moshi. Akanusa tena.

"Hata ukinusa mpaka kesho, githeri haiivi kwa pua," Nyawira alimwambia.

Masharti aliyaweka Nyawira mwenyewe. Jiko moja la makaa ya Kingori, sufuria ya githeri, mahindi na maharagwe, ichemke mpaka iive, na moshi usionekane. Ikishindikana, hakuna ndoa. "Hakuna mtu wa nyumba hii ataolewa huko kwenu Chaka akapulize moshi," alikuwa amesema.

Hii ilikuwa mara ya pili. Mwezi wa tano Kingori alileta hapa Tetu makaa ya kufinyanga aliyoyashikanisha kwa mavi ya ng'ombe, tena hayajakauka. Watu wote walitoka jikoni mbio. Ng'ombe wa jirani alikohoa.

Safari hii alichoma kwanza maganda ya kahawa kutoka Gakindu pamoja na vumbi la mbao, akayasaga, akayafinyanga na uji. Lakini katika baridi ya mwezi wa saba hakuna kitu kinachokauka nje. Aliyatandaza chumbani, juu ya kitanda na chini yake, na kwa siku ishirini akalala kwenye kiti.

"Umeshikanisha na nini?" Nyawira aliuliza.

"Uji wa muhogo."

"Ati uji? Wewe fundi ukichoma uji, bibi atakula nini?"

"Hiyo mihogo ilikuwa imeharibika. Ile mizuri tunakula."

Mzee Waweru, aliyekuja kumsemea Kingori katika posa, alimwinamia sikioni. "Wacha aulize. Angekuwa amekataa, angekuwa ameshaenda kukamua ng'ombe."

Watiri, mama yake Nyawira, alikaa kwenye kigoda akichambua majani ya malenge. Alikuwa amevaa nguo ya kanisani, na ilikuwa Jumanne.

"Unakunywa?" Nyawira aliendelea.

"Chai."

"Uko na bibi mahali?"

"Niko na makaa tu."

Waweru alicheka. Hakuna mwingine aliyecheka.

Saa tatu zilipotimia tangu jiko kuwashwa, makaa yalikuwa bado mekundu na dari haikuwa na hata wingu. Nyawira alifunua sufuria, akachota haragwe moja kwa ncha ya mwiko, akalitafuna polepole. Watiri aliacha kuchambua mboga.

"Imeiva," Nyawira alisema. "Na moshi sijaona."

Alifuta mikono, akamtazama Kingori usoni kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Haya, fundi. Nakupa mama yangu. Siku nikisikia amekohoa, nakuja kumchukua."